Kijana kaiva, wakubwa wanahesabu siku

Kama wiki imekuendea kombo, vuta kiti tupige soga, maana hata mimi sina cha kujivunia. Leo nakupeleka mbali kidogo, Marekani, kwenye mchezo wa besiboli. Najua wapo walioanza kufunua ukurasa wa pili kutafuta barua za mapenzi. Ngoja kwanza, usiwe na haraka! Haya nayo ni mapenzi: kijana anaipenda kazi, kazi nayo inampenda, halafu katikati kakaa mkubwa mmoja na kalenda mkononi.

Yalianzia kwa kinyozi wangu, Jumamosi, siku ya foleni. Kwenye runinga kulikuwa na besiboli kwa sababu rimoti ilikuwa haionekani. Jamaa mmoja aliyekuwa na povu kichwani akauliza, "Kaka, hii si rede hii? Rede ya watu wazima?" Saluni nzima hoi kwa kicheko.

Lakini ukitazama vizuri hakukosea sana. Mmoja anarusha mpira, mwingine kasimama anausubiri. Tofauti ni kwamba wa rede anaukwepa, huyu wa besiboli ana rungu na anatakiwa aupige, kisha akimbie kuzunguka vituo vinne. Akiupiga ukavuka uzio, hiyo ni homurani, na hapo anazunguka vituo vyote taratibu kama bwana harusi. Basi, kwa leo hayo yanatosha.

Kwenye runinga akaingia kijana, uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akashangaa. "Mbona wanamshangilia na hajafanya kitu?"

Dogo mmoja anayeujua mchezo akamjibu. "Shikamoo mzee. Huyo ndiyo kwanza kapandishwa leo, katoka ligi ndogo."

"Marahaba. Kwani huko alikuwa mbovu?"

"Hapana mzee, alikuwa moto tangu mwaka jana. Walikuwa wanambania tu."

Mzee akavua miwani. "Wanambania mchezaji wao wenyewe? Kwa faida ya nani?"

Dogo hakuwa na jibu, na mimi nikaondoka na nywele fupi na lile swali kichwani. Ikabidi nichimbe. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Kwanza elewa ngazi yenyewe. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30. Kila timu ina timu nne chini yake, kuanzia chini kabisa: Singo A, Hai A, Dabo A na Tripo A. Tangu mfumo upangwe upya mwaka 2021, timu hizo za chini ni 120. Kule timu haipandi daraja kama tulivyozoea kwenye soka letu. Anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja, na anayempandisha ni ile timu kubwa inayommiliki. Haijalishi umefanya maajabu gani huko chini, bila simu kutoka juu utabaki hapo hapo. Na juu kwenyewe kikosi ni cha watu 26 tu. Kwa hiyo yosso wengi wanasota miaka, wanalala ndani ya mabasi kutoka mji mdogo kwenda mji mdogo, na walio wengi simu hiyo haiwafikii kamwe.

Sasa msikie kijana mmoja anaitwa Kris Bryant. Mwaka 2013 Chicago Cubs walimchukua akiwa wa pili katika uchaguzi wa chipukizi wa nchi nzima. Mwaka 2014, akicheza Dabo A kisha Tripo A, alipiga homurani 43, na jarida la Baseball America likamtaja mchezaji bora wa ligi ndogo zote. Machi 2015, kwenye mechi za kujipima nguvu kabla ya msimu, akawekwa na wakubwa. Akapiga homurani 9, na hakuna mchezaji wa timu yoyote aliyemfikia.

Wewe kama kocha ungefanya nini? Si ungempa jezi na kumwandalia chai! Msimu ukafunguliwa Aprili, Bryant hayumo. Karudishwa Tripo A, huko Iowa. Uongozi ukasema kijana bado anahitaji kunolewa, hasa kwenye kudaka na kulinda kituo chake.

Sawa, tukakubali. Lakini Aprili 17, Cubs wakiwa wamecheza mechi 8 tu, simu ikalia. Aje haraka, mwenzake kaumia. Ina maana huko kunolewa kulichukua wiki mbili tu, halafu kisu kikawa kikali!

Hapo ndipo kalenda inapoingia. Kanuni ya ligi kuu ilisema, na bado inasema, kwamba mchezaji akiwa na timu kubwa kwa siku 172 za msimu, anahesabiwa mwaka mmoja wa utumishi. Akitimiza miaka sita anakuwa huru. Anaweza kwenda timu yoyote, kwa mshahara ambao soko litampa. Kabla ya hapo yeye ni mali ya waliomsajili, na miaka yake ya kwanza analipwa kile wanachotaka kumpa, alimradi tu kisishuke chini ya kima cha chini.

Sasa hesabu. Bryant alipopandishwa Aprili 17, siku zilizobaki mpaka mwisho wa msimu zilikuwa 171.

Soma tena. Mia moja sabini na moja. Siku moja! Angepandishwa jana yake tu, ule ungekuwa mwaka. Kwa kukosa siku hiyo moja, msimu mzima aliovuja jasho haukuwa mwaka kwenye daftari, na Cubs wakawa wamejipatia msimu wa saba wa kijana wao. Na hiyo ndiyo faida aliyoulizia yule mzee.

Mechi yake ya kwanza Bryant aliboronga. Alisimama kupiga mara nne, hakuambulia kitu, tatu kati ya hizo akatolewa nje bila kuuingiza mpira mchezoni. Nadhani kuna mkubwa mahali alitabasamu na kusema, "Mnaona sasa?" Tabasamu halikudumu. Mwisho wa mwaka ule ule Bryant alichaguliwa mchezaji mpya bora wa upande wake wa ligi, kura zote zake. Mwaka 2016 akachaguliwa mchezaji bora kabisa. Na mwaka huo huo Cubs wakachukua ubingwa walioutafuta tangu 1908, miaka 108!

Uhondo uko hapa. Fainali ya mwisho kule Cleveland, mpira wa mwisho kabisa wa msimu ulipigwa chini chini. Ukaenda kwa nani? Kwa Bryant, yule aliyerudishwa Iowa eti hajui kulinda. Mguu ukamteleza kidogo kwenye nyasi, uso umejaa kicheko, lakini mpira kaudaka na kaurusha kwa mwenzake. Mchezo kwisha, Chicago ikalipuka.

Lakini kabla ya raha hizo, Desemba 2015, Bryant alikuwa ameshapeleka malalamiko kupitia chama cha wachezaji, kwamba alizuiwa makusudi. Shauri likakaa miaka. Mwanzoni mwa 2020 msuluhishi akaamua: Bryant kashindwa. Cubs walikuwa na sababu zao kwenye makaratasi, na kanuni ilikuwa upande wao. Badala ya kuwa huru mwishoni mwa 2020, akawa huru mwishoni mwa 2021.

Usimlilie sana, tafadhali. Machi 2022 Colorado Rockies walimsainisha miaka saba kwa dola milioni 182. Huyo hali ugali kwa chumvi. Lakini tangu aende huko majeraha yamemwandama, mgongo hasa, kaonekana uwanjani mara chache. Ndiyo maana hesabu ya siku si jambo dogo. Mwili wa mchezaji ni barafu ya kuuza sokoni. Mwenye jokofu anaweza kukwambia subiri, lakini jua halisubiri.

Sasa nikung'ate sikio kuhusu mimi mwenyewe. Nilipomaliza fomu foo nilipata kibarua sehemu fulani, siitaji, maana bado napita mtaa ule. Mkataba ni miezi mitatu mitatu. Kila ukikaribia kwisha tunaambiwa, "Vijana mmechoka, nendeni mkapumzike wiki mbili, tutawaita." Na kweli tunaitwa, tunaanza upya, moja. Kwa ushamba wangu nikawa namsifia bosi kwa maza, kwamba ana huruma, anatujali afya zetu. Mwaka na nusu nikawa bado ni mgeni kazini, na kila aliyekuja kuniuliza kuhusu kuajiriwa kamili nilimjibu kwa maneno ya bosi, kwamba bado najifunza. Mpaka dada mmoja wa mapokezi aliponionea imani akaniambia, "Mdogo wangu, hapa hakuna anayekufundisha kitu. Wanahesabu tu."

Kwa hiyo niliposoma ile 171, mwenzio nilinyamaza kidogo.

Lakini tusiwe watu wa upande mmoja. Si kila anayebaki chini kabaniwa, wapo wasioiva kweli. Nani asiyemkumbuka Michael Jordan? Alipoacha mpira wa kikapu, mwaka 1994 alijiunga na besiboli, akawekwa Birmingham Barons, Dabo A, chini ya Chicago White Sox. Mmiliki wa White Sox ndiye huyo huyo mmiliki wa Bulls. Jina la kutisha, viatu vyake kila kijana anavitaka. Uwanjani? Katika kila mara 100 za kupiga, alifanikiwa kama 20 tu, na homurani 3 msimu mzima. Ligi kuu hakuiona, na Machi 1995 akarudi kwenye kikapu chake. Huko chini jina halipigi mpira.

Na wapo wanaopandishwa mapema wakaungua. Jackson Holliday wa Baltimore Orioles alipandishwa Aprili 10, 2024, ana miaka 20, anaimbwa kuwa chipukizi namba moja. Mechi 10: kapiga mara 34, kafanikiwa mara 2, mara 18 katolewa bila kuuingiza mpira mchezoni. Aprili 26 akarudishwa Tripo A. Akanolewa miezi mitatu. Siku aliyorudi, Julai 31, akapiga homurani yake ya kwanza wakati vituo vyote vimejaa wenzake! Huko ndiko kunolewa kweli, na kumemsaidia.

Tatizo ni kwamba maneno ni yale yale. Anayekunoa anasema "bado kidogo", na anayekubania anasema "bado kidogo". Wewe uliye chini utajuaje?

Mara nyingine wanajisema wenyewe. Februari 2021 rais wa Seattle Mariners, Kevin Mather, alialikwa kuzungumza na klabu ya Rotari. Akajiona yuko na marafiki, akafunguka. Akaeleza kuwa chipukizi fulani wasingeonekana mapema kwa sababu timu haikutaka saa yao ya utumishi ianze kwenda. Akaponda na Kiingereza cha kijana wao Mdominika, Julio Rodríguez. Video ikasambaa, nchi ikachafuka, na tarehe 22 mwezi huo huo Mather akajiuzulu.

Mwishoni mwa mwaka huo mkataba kati ya wamiliki na chama cha wachezaji ukaisha. Wamiliki wakafunga milango siku 99. Mkataba mpya ulipopatikana Machi 2022, kalenda ikawa imepigwa rungu. Sasa mchezaji mpya akishika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za mchezaji mpya bora wa upande wake wa ligi, anapewa mwaka mzima wa utumishi hata kama siku hazikutimia. Na timu inayompandisha chipukizi wake mkubwa mapema msimuni, kijana akija kushinda tuzo, inazawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua chipukizi. Zamani kubania kulilipa, sasa hata kupandisha kunalipa.

Unajua nani aliyewapa Seattle zawadi hiyo ya kwanza? Julio Rodríguez, yule yule wa Kiingereza kibovu! Alianza siku ya ufunguzi 2022, akawa mchezaji mpya bora, na timu ikapata chipukizi wa ziada 2023. Naye Paul Skenes, mrushaji wa Pittsburgh Pirates, alipandishwa Mei 11, 2024. Kwa hesabu za zamani asingefikisha siku 172 hata angelala uwanjani. Akatwaa tuzo, akapewa mwaka wake kamili.

Mpaka hapa nimekusimulia nyota tu. Walio wengi huko chini si kina Bryant. Hadi 2020 kima cha chini cha Singo A kilikuwa dola 290 kwa wiki, na ni wiki za msimu tu. Baada ya hapo jitegemee. Jamaa wakapanga chumba watu sita, wakalala chini kwenye magodoro, huku wanatakiwa wawe na misuli. Septemba 2022 wachezaji wa ligi ndogo wakaingia kwenye chama kile kile cha wakubwa, na mkataba wao wa kwanza, wa 2023, ukapandisha mshahara wa Singo A kutoka dola 11,000 kwa mwaka hadi 26,200, na Tripo A kutoka 17,500 hadi 35,800. Miaka nenda rudi kila mmoja alilia kivyake. Walipokaa pamoja, hesabu zikabadilika.

Na kati ya waliosota alikuwemo ndugu yetu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli ya Randburg Mets, jirani na Johannesburg, na familia iliishi kwenye chumba ndani ya jengo la klabu. Kijana akifungua mlango, huyo yuko uwanjani. Pirates walimsajili 2008. Akapanda ngazi kipande kwa kipande, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 mama yake akafariki, kijana bado yuko chini.

Aprili 26, 2017, akiwa na miaka 27, Ngoepe akaingia uwanjani Pittsburgh, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kwetu kucheza ligi kuu. Wapinzani ni Cubs hao hao, mabingwa. Anayemrushia ni Jon Lester, mtu mzito. Mara yake ya kwanza kabisa kupiga, akafanikiwa! Kima cha chini cha ligi kuu mwaka huo kilikuwa dola 535,000. Ukigawa kwa siku za msimu unapata kama dola 2,900 kwa siku. Yaani siku moja juu ni sawa na wiki kumi za Singo A.

Hakukaa sana. Sehemu ya 2017, kisha sehemu ya 2018 akiwa na Toronto Blue Jays, basi. Yeye siku zake hazikufika hata karibu na hiyo miaka sita. Lakini mlango ukawa umefunguliwa. Mwaka 2023 Pirates hao hao walimsajili mrushaji David Matoma kutoka Uganda, hapa jirani tu. Naye akaanzia pale wanapoanzia wote, chini ya ngazi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi saluni, si kwa nywele, kwa yule mzee. Nikamkuta. Nikamwamkia, nikamweleza yote, Bryant na siku yake moja, Holliday na kuungua kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa dawa ni rahisi, mwanangu. Anayekwambia hujaiva, muulize umebakiza nini. Anayekufundisha atakutajia. Anayekuhesabia ataangalia pembeni."

Nimelibeba neno hilo, na wewe nakugawia bure. Kama kuna mahali unaambiwa "bado kidogo" kila mwezi, kaulize umebakiza nini, halafu mwangalie mtu machoni. Ukiambiwa jambo la kweli, meza hasira ukalifanyie kazi, hata Holliday alirudi kunolewa. Akiangalia pembeni, anza kuhesabu na wewe.

Mimi nilihesabu nikachelewa. Ndiyo maana unaniona hapa, kibarua wa kalamu, nalipwa kwa makala. Lakini mhariri jana kaniambia naendelea vizuri, nimebakiza kidogo tu.

Nikamuuliza nini. Akajibu, "Ulete makala siku tuliyokubaliana." Ah, huyo bwana ananifundisha!

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.